Sekunde 54: nambari ya upepo iliyokufa huku ikichezacheza

Nilipoitwa kukitazama chombo hiki cha matanga, shauri lilikuwa limekwisha kukatwa: kipimaupepo ni kibovu, king'olewe, kiletwe kingine. Nahodha alikuwa na hoja zake tatu. Nambari za upepo hupotea ovyo kwenye simu. Upepo "huruka" nyuzi 30 kisha ukarudi. Na kubwa kuliko yote, siku ya tatu ya safari tanga kuu lilivuka lenyewe kutoka upande mmoja hadi mwingine, boriti yake ikapita juu ya vichwa vya watu kwa kishindo na kuvunja pingu ya kamba, ilhali simu mbele ya mshika usukani ilisema mambo ni salama. Hakuna aliyeumia. Waliokuwapo wangali wakiisimulia kwa sauti ya chini.

Nilikaa na kisa hiki siku nne. Kipimaupepo hakikuwa kibovu. Kosa lilikuwa chini kabisa, ndani ya simu mbili.

Chombo ni mashua ya fiberglasi ya mita 10 na nusu, mlingoti mmoja wa alumini, tanga kuu na tanga la omo, yaani la mbele. Kileleni, mita 15 juu ya maji, kimefungwa kipimaupepo kisichotumia waya wala vikombe vya kuzunguka. Kinapima kwa sauti isiyosikika: vipaza sauti vidogo vinatazamana, kila kimoja kinamtumia mwenzake mlio, na kipimaupepo kinahesabu muda wa mlio kwenda na muda wa kurudi. Mlio unaofuata upepo hufika mapema, unaoupinga huchelewa. Uzuri wa hesabu hii ni kwamba kasi ya sauti yenyewe, inayobadilika na joto, hujifuta ukilinganisha safari mbili hizo. Juu yake pana kipande cha sola, ndani mna betri ndogo, na matokeo hushuka kila sekunde kwa Bluetooth ya matumizi madogo ya umeme. Simu moja ilikuwa kwenye kishikilio mbele ya usukani. Ya pili, ya nahodha, ilikaa chumbani kwenye meza ya ramani, nayo ina programu ileile.

Kwanza tukubaliane juu ya kilichopimwa na kilichopikwa. Kileleni panapimwa vitu viwili tu: kasi ya upepo unaokipiga chombo kikiwa mwendoni, na pembe yake kutoka omo. Huo nitauita upepo wa chomboni. Upepo wa kweli haupimwi na mtu. Programu huupika kwa kuchukua upepo wa chomboni na kuondoa mwendo wa chombo, na mwendo huo hapa ulitoka kwenye GPS ya simu. (Wapo watakaobisha kwamba ukitumia GPS unapata upepo kuhusiana na ardhi, si kuhusiana na maji, na penye mkondo mkali hivyo viwili ni tofauti. Ni kweli, ila siku hiyo mkondo ulikuwa hafifu.) Ukitaka na upande wa dunia ambako upepo unatoka, yaani nyuzi za dira, programu inaongeza kiungo cha tatu: chombo kinaelekea wapi.

Kwa hiyo skrini moja yenye nambari nne kubwa nzuri ilikuwa na mchanganyiko wa vyanzo vitatu, kila kimoja na mwendo wake, na hakuna mahali palipoandikwa kila nambari ina umri gani.

Sasa siku yenyewe. Bahati ni kwamba programu huandika kumbukumbu ya kila inachopokea na saa yake, na simu zote mbili zilikuwa zikiandika, zote kwa saa ya GPS. Bila hilo ningebaki na masimulizi, na masimulizi ya watu walioogopa yana tabia ya kurefuka.

Saa 14:32 walikuwa wanakwenda na upepo, umeingia kutoka nyuma kulia. Mwendo noti 6.2 (noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa), uelekeo nyuzi 250. Upepo wa chomboni noti 11, pembe nyuzi 150 kulia. Hesabu ya programu: upepo wa kweli noti 16.7, pembe nyuzi 161. Zilibaki nyuzi 19 kabla upepo haujawa mgongoni kabisa, na baada ya hapo tanga huanza kupigwa upande wa nyuma.

Nahodha alikuwa amempa mshika usukani agizo la aina hii: "Nishikie mia na sitini na tano, bwana mdogo, nishuke kidogo niangalie ramani." Lile agizo nitalirudia, maana lina sehemu yake.

Saa 14:32:10 unaingia mstari wa mwisho wa upepo kwenye simu ya usukani. Unaofuata ni wa 14:33:04. Katikati, kwa sekunde 54, hakuna hata mmoja. Mistari ya GPS inaendelea kama kawaida, kila sekunde.

Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu zaidi, kwa sababu mshika usukani aliapa kwamba nambari hazikuganda. "Ningeona," alisema. "Zilikuwa zinacheza." Nahodha hakumwamini, na mimi, nakiri, sikumwamini pia. Kisha nikafanya hesabu kwa mkono. Programu ilipokosa habari mpya ya upepo haikufuta ile ya zamani. Iliendelea kuitumia noti 11 na nyuzi 150 kana kwamba zimefika sasa hivi. Lakini mwendo wa GPS ulikuwa mbichi. Mashua ilikuwa inapanda na kushuka mawimbi, mara noti 5.6, mara noti 7.4. Tia nambari hizo kwenye hesabu: kwa 5.6 unapata upepo wa kweli noti 16.1 kwa nyuzi 160, kwa 7.4 unapata noti 17.8 kwa nyuzi 162. Yaani skrini ilionyesha upepo ukiongezeka na kupungua, pembe ikitikisika nyuzi moja huku na moja kule, kama upepo wa kawaida kabisa. Upepo wenyewe ulikuwa umekufa tangu 14:32:10. Kilichokuwa kinacheza ni mawimbi.

Kijana alikuwa mkweli. Nambari ilicheza. Ilikuwa maiti inayotikiswa na kitanda.

Na lile agizo la 165? Alikuwa anaona 160, 161, 162. Akaelekeza omo kushoto kidogo ili pembe ipande. Haikupanda. Akaongeza. Haikupanda. Kumbukumbu ya GPS inaonyesha uelekeo ukiteremka taratibu: 250, 246, 241, 237, hadi 234. Nyuzi 16 kwa muda wa nusu dakika hivi, hakuna hata moja iliyofanywa kwa pupa. Alikuwa anatii nambari ambayo haikuwa na uwezo wa kumjibu. Wakati huohuo upepo wenyewe ulijongea kama nyuzi 5, ukatoka nyuzi 51 za dira hadi 56. Ukijumlisha, zile nyuzi 19 za usalama zilikwisha na deni likabaki.

Palikuwa na dalili moja kwenye skrini ileile, pembeni, kwa herufi ndogo: nyuzi za dira za upepo. Kwa vile pembe ilikuwa imeganda na uelekeo unateremka, programu ililazimika kuonyesha upepo nao "unahama" kushoto sawasawa na chombo, kutoka 51 hadi 35. Upepo unaohama kwa kipimo kilekile unachogeuza usukani si upepo. Lakini nani anasoma herufi ndogo akiwa na mawimbi mgongoni?

Basi kwa nini mistari ilikatika? Jibu la kwanza lililotolewa chomboni lilikuwa betri. Haikuwa betri, kipimaupepo huripoti chaji yake, na ilikuwa juu ya nusu. La pili lilikuwa mipangilio ya kulainisha nambari, kwamba programu "inachelewesha". Hiyo ilikuwa imewekwa sekunde 5, haiwezi kuzaa 54.

Nguvu ya mawimbi ya redio, ambayo simu huandika kwa desibeli, ndiyo iliyoanza kusema. Siku nzima ilikuwa kati ya −78 na −84 pale usukanini. Dakika ile ilishuka hadi −93, karibu na mwisho wa masikio ya simu nyingi. Nikauliza nani alikuwa wapi. Mtu wa tatu alikuwa ametoka chumbani na kuketi mbele ya usukani, mgongo wake kati ya simu na mlingoti. Bluetooth hutumia masafa ya gigaheti 2.4, na mwili wa binadamu, uliojaa maji, huyanyonya masafa hayo vibaya sana. Kwa umbali wa mita 14 hewani unakuwa umekwisha kupoteza desibeli 63 hivi hata kabla ya kikwazo chochote. Mgongo wa mtu unamalizia.

Lakini kuna la ziada ambalo watu wa matanga hawalitarajii. Nahodha aliniambia aliwahi kujaribu kwa kusimama chini ya mlingoti, "karibu kabisa nacho", akapata mawimbi mabaya kuliko nyuma. Hakukosea kuona. Antena iliyosimama wima hutupa mawimbi yake pembeni, kama tairi lililolala, na tundu la tairi ni juu na chini. Ukisimama chini ya mlingoti umesimama ndani ya tundu. Usukanini si afadhali sana: kutoka kileleni, pale ni kama nyuzi 20 tu kutoka mstari wa chini moja kwa moja. Hata mashua ya jirani iliyofunga gatini mita 20 pembeni huenda ikakisikia kipimaupepo chako vizuri kuliko wewe mwenyewe.

Mtu yule aliketi hapo sekunde kumi tu, akasogea. Mawasiliano yangepaswa kurudi mara moja. Kwa nini yalichukua karibu dakika?

Nilipofungua kumbukumbu ya simu ya nahodha nilicheka. Siku nzima haina upepo, tupu. Kisha saa 14:32:16, sekunde sita baada ya usukani kukatika, mistari ya upepo inaanza kumiminika. Inakoma 14:32:58. Simu ya usukani inapokea tena 14:33:04.

Maelezo ni haya. Kipimaupepo cha namna hii huzungumza na simu moja kwa wakati. Kikiwa huru hupaza sauti, "niko hapa". Kikishikwa hunyamaza, na simu nyingine haikioni tena. Simu na kipimaupepo visiposikiana kwa sekunde chache, kila upande huhesabu kwamba kifungo kimevunjika, na kipimaupepo huanza kuita upya. Programu ya nahodha ilikuwa imeachwa wazi kwenye meza ya ramani, imeagizwa ijiunge yenyewe kila inapokiona. Ilikuwa imevizia tangu asubuhi. Mgongo wa yule mtu ulipokata mawasiliano, simu ya chumbani iliwahi, ikakinyakua, na ya usukani ikabaki inatafuta kitu ambacho hakikuwa kinaita tena.

Kwa hiyo kwa sekunde 42 nambari sahihi za upepo zilikuwa mita tatu kutoka kwa mshika usukani, zinawaka juu ya meza, na nahodha ameinamia ramani kando yake. Nilizilainisha kwa wastani wa sekunde 5 nikazisoma pembe za upepo wa chomboni: nyuzi 152, 158, 165, 171, 178. Saa 14:32:44 zinavuka 180. Sekunde tano baadaye mwendo unaporomoka kutoka noti 7.1 hadi 4.8 na uelekeo unaruka: hapo ndipo boriti ilipovuka. Nahodha aliposikia kishindo alifunga skrini, akaitia simu mfukoni, akapanda mbio. Simu ikailaza programu kama zifanyavyo nyingi skrini inapozimwa, kipimaupepo kikawa huru, na ile ya usukani ikakipata. Waliokuwa wanaitazama waliona nambari "zinaamka" sekunde kumi na tano baada ya ajali, na hapo ndipo hukumu ya ubovu ilipoandikwa.

Huenda ukauliza kwa nini walitazama nambari iliyopikwa na si pembe iliyopimwa. Ile iliyopimwa nayo ingeganda, lakini ingeganda kabisa, bila kucheza, na jicho hulishtukia jambo hilo. Sababu ni kwamba pembe ghafi ilikuwa inawaudhi. Mashua ikiyumba nyuzi 5 kila upande kwa mzunguko wa sekunde 4, kilele cha mita 15 hupita hewani kwa kasi inayofika mita 2 kwa sekunde, karibu noti 4. Ukiwa na upepo wa chomboni wa noti 11 pekee, hiyo inatosha kuipeperusha pembe nyuzi 20 huku na huku. Kwa hiyo wakaificha, wakabaki na ile tulivu. Nisingewalaumu, nami ningefanya hivyo.

Agizo la 165, hata hivyo, nalilaumu. Linamtaka mtu ashike nambari iliyo nyuzi 15 tu kutoka kwenye hatari, mawimbi yakiwa nyuma, kwa kipimaupepo ambacho hakijawahi kuthibitishwa. Tena kamba ya kuizuia boriti isivuke ilikuwa kwenye sanduku lake. Ningekubali 150 na dakika kumi zaidi za safari.

Hoja ya upepo "kuruka" nyuzi 30 ilinichukua dakika tano. Tukiwa tumefungwa gatini, upepo umetulia, nilitoa simu kwenye kishikilio na kuizungusha mkononi. Pembe ya upepo haikuguswa. Nyuzi za dira za upepo zilizunguka na simu. Mwendo ukiwa mdogo, uelekeo wa GPS hauaminiki, hivyo programu huhamia kwenye dira ya ndani ya simu na kudhani simu imetazama omo. Kila aliyeichomoa simu ili aione vizuri juani aligeuza upepo wa dunia. Na kishikilio chenyewe hushika kwa sumaku! Dira juu ya sumaku: hata walipoirudisha vizuri, ilikuwa inakosea. Tukaweka kishikilio cha kubana.

Hitilafu ya tatu hakuna aliyekuwa ameilalamikia. Wakibisha dhidi ya upepo, pembe ilisoma 31 upepo ukiingia kulia na 25 ukiingia kushoto, kwa matanga yaleyale na mwendo uleule. Kipimaupepo kimefungwa kikiwa kimepinda nyuzi 3. Nusu ya tofauti ndiyo sahihisho, unaiandika kwenye programu, yamekwisha.

Tiba ya lile kubwa ilikuwa kuziondoa simu kwenye kugombania kipimaupepo. Tuliweka kisanduku kipokezi nyuma ya chombo, mbali na ule mstari wa chini ya mlingoti na juu ya vichwa vya watu. Chenyewe pekee ndicho kinachoshikana na kipimaupepo, kisha kinatangaza kwa Wi-Fi ya chomboni kwa NMEA 0183, lugha ambayo vifaa vya baharini huzungumza, na simu zozote zinasikiliza pamoja bila kunyang'anyana. Kina kasoro zake. Wi-Fi hiyo haina intaneti, na simu nyingi zikigundua hivyo huihama kimyakimya na kurudi kwenye data ya kampuni ya simu, kwa hiyo kila simu ilibidi iagizwe ibaki. Tena sentensi ya upepo ya NMEA 0183, ile iitwayo MWV, hubeba pembe, kasi, kizio na herufi moja ya kusema kipimo ni halali. Saa haimo. Umri wa nambari ni juu ya anayepokea kuuhesabu, na programu ile ya kwanza haikuwa inauhesabu. Tukaihama. Iliyowekwa sasa hufuta nambari na kuchora vistari baada ya sekunde 5 za kimya, na hufuta pia zote zilizopikwa kutokana nazo.

Tuliijaribu baharini kwa makusudi, kamba ya kuizuia boriti imefungwa. Nikakizima kisanduku bila kumwambia mshika usukani. Sekunde tano, vistari. Akatazama skrini, akanyanyua macho kwenye mshale mdogo wa kileleni uliokuwapo siku zote, akaendelea kushika usukani.

Zogo moja lilibaki. Siku ya kwanza ya kubisha, simu ya usukani ilisoma 25 kulia na 31 kushoto, kinyume cha zamani, kama kwenye kioo. Simu ya nahodha ilisoma 28 pande zote. Sahihisho la nyuzi 3 lilikuwa limeandikwa ndani ya kisanduku, na mtu mwingine, kwa nia njema, ameliandika tena kwenye simu.